Mhariri Mstaafu Anajibu: "Wananiambia ni udaku tu, nisahau"

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu magazeti ya udaku: wanaoyalaumu, wanaoyaandikia, na walioumizwa nayo. Nimechagua nne. Majina ya walioandika nimeyaweka kando.

Shikamoo dada. Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mwezi uliopita gazeti moja liliweka picha yangu ukurasa wa mbele, natoka gesti moja ya Pasiansi nikiwa na mwanaume. Waliandika: "AIBU! MAMA DAGAA ANASWA GESTI NA MUME WA MTU?" Yule ni mteja wangu kutoka Kongo, nilimfuata pale alipofikia anilipe pesa ya magunia. Mdogo wangu wa kiume alikuwa pembeni yangu, ila kwenye picha wamemkata, umebaki mkono tu. Mume wangu ananiamini. Lakini wakwe wameitisha kikao, na mwaloni wameshanipa jina. Kila ninayemweleza ananiambia, "Achana nao, hayo ni magazeti ya udaku, nani anayaamini?" Ninyamaze kweli?
*Msomaji, Kirumba*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Usinyamaze.

Wanaokuambia hakuna anayeyaamini magazeti hayo wanakutakia mema, lakini hawasemi kweli. Kikao cha wakwe kimeitishwa na nini kama si kuaminiwa kwa ukurasa ule? Neno "udaku" hapa limemsaidia aliyekuumiza kuliko wewe. Gazeti likishapewa jina hilo, watu wanalisamehe kabla halijakosa, kana kwamba mtu akishajulikana mtaani kuwa ni mwizi, kuku wako akiibwa naye huna tena haki ya kudai. Mimi siwezi kulikubali hilo. Uongo uliochapishwa ni uongo, uwe kwenye gazeti linalosomwa bungeni au kwenye gazeti linalofungiwa maandazi.

Nimefanya kazi chumba cha habari muda mrefu, kwa hiyo ngoja nikueleze ukurasa ule ulivyotengenezwa, maana ukiuelewa utajua pa kuushika. Ile alama ya kuuliza mwisho wa kichwa cha habari haikuwekwa bure. Aliyeiweka anajua hana ushahidi, na amejiandalia utetezi: sisi tuliuliza tu. Herufi nyekundu kubwa zinasema umefumaniwa, alama moja ndogo inasema hatujui, na mtu anayepita kibandani akielekea kwenye daladala anaondoka na zile nyekundu. Sasa fungua ndani. Naamini utakuta "chanzo chetu makini", "mashuhuda wanadai", "inasemekana", bila jina la mtu hata mmoja. Aya ya mwisho itasema juhudi za kukupata hazikuzaa matunda kwa kuwa simu yako haikupatikana. Kaangalie simu yako. Kama hukupigiwa siku ile, au ulipigiwa mara moja saa tano usiku wakati gazeti liko mtamboni tayari, hilo ni jambo la kuandika kwenye malalamiko yako.

Halafu ile picha. Mkono wa mdogo wako uliobaki pembeni ndio ushahidi wako mkubwa kuliko maneno yote. Picha nzima ipo kwenye kamera au kompyuta ya mtu. Idai itolewe nzima.

Tafuta nakala kamili ya gazeti, yenye tarehe na namba ya toleo, usitegemee picha ya WhatsApp. Magazeti yasiyouzwa hurudishwa, kwa hiyo waulize mapema wauzaji wa Kirumba na wa mjini. Kisha mwandikie mhariri kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usimtukane. Mweleze kipi ni uongo, kipi ni kweli, nani alikuwepo, na unataka nini: masahihisho na kuombwa radhi ukurasa uleule wa mbele, kwa ukubwa unaoonekana. Usikubali mistari mitatu iliyofichwa ukurasa wa 14 chini ya tangazo la mganga. Uliaibishwa mbele ya watu, usafishwe mbele ya watu.

Wakikaa kimya, peleka malalamiko Baraza la Habari Tanzania. Chombo hiki kilianzishwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe, na kazi yake mojawapo ni kusuluhisha mtu wa kawaida na chombo cha habari bila kwenda mahakamani. Njia ya mahakama nayo ipo. Kashfa unaifungulia shauri la madai, na madai ya aina hii ukomo wake ni miaka 3, kwa hiyo usilale. Kama wakili ni ghali, tafuta wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na ujue kwamba Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha na heshima ya mtu. Haikusema isipokuwa wauza dagaa.

Kuna jambo moja nakuomba sana. Akitokea mtu akakupigia kwamba kuna "sehemu ya pili" ya habari hiyo na anaweza kukuzimia kwa pesa, usitoe hata shilingi. Huo ni unyang'anyi. Tunza namba, tunza ujumbe, nenda polisi. Na kwenye kikao cha wakwe nenda na mdogo wako, na kama una stakabadhi za magunia au ujumbe wa malipo kwenye simu, nenda nazo. Waoneshe ule mkono kwenye picha kisha wamwone mwenye mkono.

Shikamoo mama. Nasoma mawasiliano kwa umma mwaka wa pili pale Malimbe. Mafunzo kwa vitendo nilifanyia gazeti la udaku kwa sababu ndilo pekee lililonipokea. Wenzangu waliokwenda redio na magazeti makubwa wananiita kanjanja na mmbea. Mhadhiri mmoja alisema darasani kuwa magazeti hayo ni uchafu. Nimejiharibia jina?
*Mwanafunzi, Malimbe*

Marahaba mwanangu. Jina lako litaharibiwa au kujengwa na habari ulizoandika. Nembo ya gazeti haitoshi kukuhukumu. Kwa hiyo swali langu kwako ni moja: uliandika nini pale?

Matusi unayotukanwa yana umri mrefu, na inafaa uyajue yalikotoka. Mwaka 1883 Joseph Pulitzer alinunua gazeti la New York World huko Marekani akalijaza mauaji, mapenzi na kashfa za matajiri, likauzwa mno. Mwaka 1895 William Randolph Hearst akanunua New York Journal na kuanza kumnyang'anya wasomaji na wafanyakazi. Waligombania hata mchoraji wa katuni, Richard Outcault, aliyekuwa akimchora mtoto wa mtaani mwenye kanzu ya njano. Hearst alipomchukua mchoraji, Pulitzer akaajiri mwingine amchore mtoto yuleyule, mji mmoja ukawa na watoto wawili wa njano kwenye magazeti mawili. Wapinzani wao wakapata jina la kuwatukania wote wawili: uandishi wa njano.

Walistahili? Kwa mengi, ndiyo. Usiku wa tarehe 15 Februari 1898 meli ya kivita ya Marekani, Maine, ililipuka bandarini Havana, wakafa zaidi ya watu 260. Kabla uchunguzi haujafika popote, gazeti la Hearst liliinyooshea kidole Hispania na kutangaza zawadi ya dola 50,000 kwa atakayemtaja mhusika. Aprili mwaka huo vita vya Marekani na Hispania vikaanza. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, na magazeti peke yake hayakuvileta, ila yalipuliza moto kwa nguvu zake zote. Mwaka 1976 uchunguzi ulioongozwa na Admirali Hyman Rickover ulifikia kwamba kuna uwezekano mkubwa mlipuko ulianzia ndani ya meli yenyewe, kwenye moto wa makaa ya mawe.

Lakini ni gazeti hilohilo la World ambalo mwaka 1887 lilimtuma msichana aitwaye Nellie Bly ajifanye amerukwa na akili ili afungiwe kwenye hospitali ya wanawake wagonjwa wa akili, kisiwa cha Blackwell. Alikaa humo siku 10 akatoka na habari za chakula kilichooza, maji ya baridi na vipigo, na fedha za kuwahudumia wagonjwa zikaongezwa. Na jina la Pulitzer, mzee wa uandishi wa njano, ndilo lililo kwenye tuzo ambazo kila mwandishi wa Marekani anazililia, zinazotolewa tangu 1917. Ungekuwa New York mwaka 1887, mhadhiri wako angekuzuia usifanye mafunzo pale, na ungeikosa nafasi ya kukaa ofisi moja na Nellie Bly.

Hapa kwetu usiende mbali. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, akiwa BBC, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta dawa ya utajiri akaingia kwa waganga wa Kanda ya Ziwa kufichua biashara ya viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa kuuawa, ikabidi ajifiche. Ichukue habari ile umpe mtu asiyemjua aliyeiandika: waganga, viungo, utajiri, mwandishi aliyejibadilisha. Atakuambia ni udaku. Kumbe ilikuwa kazi ya ujasiri ya kuokoa watu. Na mambo hayohayo ya waganga yakiandikwa na mtu mwingine, akiweka bei za viungo kwenye kichwa cha habari kwa herufi nyekundu, hapo inakuwa kuitangazia biashara ile. Mada ni moja. Tofauti iko kwa nani anafichuliwa na nani anaachwa uchi.

Kuhusu neno kanjanja, linaniuma kwa sababu linamwangukia asiyestahili. Zamani tulilitumia kwa mtu asiye na mafunzo anayezunguka na kamera akitafuta bahasha. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake, ikataka mwandishi awe angalau na stashahada, na watu wakadhani ukanjanja umekwisha. Haukwisha, kwa sababu cheti hakilipi nauli. Mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari, zikitoka. Anapanda pikipiki hadi Magu kwa pesa yake, anatuma habari yenye aya 12, mtu aliyekaa Dar es Salaam anachukua aya mbili, anatunga kichwa cha habari ambacho mwandishi hakukiona, na asubuhi mtaani anayetukanwa ni yule mwenye jina juu ya habari. Aliyetunga kichwa na aliyehesabu mauzo hawaitwi makanjanja. Wenye magazeti ya udaku wanayaita "magazeti pendwa", na kwa mauzo hawajakosea: nimewaona wanaume watu wazima pale Makoroboi wakilikunja gazeti pendwa ndani ya gazeti la serikali ili waonekane wanasoma bajeti.

Kwa hiyo usijifiche. Ukirudi kufanya kazi pale, kataa mambo machache na uyakatae kabisa: usimtaje aliyebakwa, usioneshe sura ya mtoto, usimvizie mtu asiye na madaraka yoyote mlangoni kwake. Kataa kwa maandishi, kwa ujumbe kwa mhariri wako, ushahidi ubaki. Mengine yote, hata kama ni mapenzi ya wasanii, yaandike vizuri, mpigie simu unayemwandika, msubiri ajibu. Na mhadhiri wako umwombe kwa heshima alete nakala moja darasani muipitie mstari kwa mstari: hapa hakuna chanzo, hapa picha imekatwa, hapa mtu hakuulizwa. Neno "uchafu" halimfundishi mwanafunzi kitu.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Ukerewe. Tulipozika watu wetu wa MV Nyerere, picha za maiti zilikuwa zimeenea kila mahali, kwenye simu na kurasa za watu wanaojiita waandishi. Mjukuu wangu aliiona ya mama yake kabla hatujamwambia. Kila ikifika Septemba zinarudi tena. Mnapata nini?
*Mzee, Ukerewe*

Shikamoo baba. Pole, tena pole sana kwa mjukuu wako.

Wanapata watu wa kufungua kurasa zao, na kufunguliwa kunaleta pesa ya matangazo. Hilo ndilo jibu la swali lako, na sitalipamba.

Naomba nikuambie kilichonikasirisha zaidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kilitoka Bugolora kwenda Ukara, kikapinduka karibu kabisa na gati. Kilijengwa kubeba watu 101. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, ni 228. Namba hizo mbili zikiwekwa ukurasa wa mbele, 101 na 228, hakuna kitu kingine kinachohitajika. Zinamshika msomaji moyo, na zinamgeukia mhusika kumuuliza: watu wote hawa walipandaje? Picha ya mama wa watu amelala ufukweni haimuulizi mtu yeyote swali lolote. Inamtisha anayeiona, inamuua mara ya pili aliyefiwa, na inampa nafasi ya kupita kimya yule aliyepaswa kuulizwa. Ndiyo maana nasema picha zile, mbali na kukosa utu, zilikuwa uandishi mbovu. Zaidi ya miaka 20 kabla yake, Mei 1996, tulizika mamia wa MV Bukoba, na swali la watu kupita kiasi melini lilikuwa lilelile.

Maadili ya kazi yetu yanamtaka mwandishi awaheshimu waliofiwa. Lakini wengi wanaosambaza picha hizo leo hawajawahi kuyasoma, na baraza halina mkono wa kumfikia kila mwenye simu. Kwa hiyo nitakusimulia watu wa mji mmoja wa bandari walivyofanya.

Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza. Idadi ya waliokufa hatimaye ilifika 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun liliandika ukurasa wa mbele, chini ya kichwa kilichodai kuwa huo ndio ukweli, kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea askari. Ulikuwa uongo. Watu wa Liverpool hawakuishia kuliita gazeti majina. Waliacha kulinunua. Wenye maduka wakaacha kuliuza. Gazeti likaomba radhi ya wazi mwaka 2012, ripoti ya jopo huru ilipotoka, na mwaka 2016 baraza la mahakama likaamua kwamba mashabiki hawakuwa na kosa na waliokufa waliuawa kinyume cha sheria. Kule bado wako wengi wasioligusa gazeti lile mpaka leo.

Baba, nguvu ya namna hiyo hata ninyi mnayo. Septemba ikikaribia, wazee mkae na wenye vibanda, viongozi wa dini na wanaosimamia magrupu ya WhatsApp ya Nansio, Bugolora na Bwisya, mkubaliane: atakayetuma picha ya maiti anaondolewa siku hiyohiyo, na ukurasa utakaoziweka haufunguliwi wala hautumiwi habari wala tangazo la msiba kutoka kwenu. Badala yake tumeni majina ya marehemu, na picha walizopiga wakiwa hai. Kuhusu mjukuu wako, kama bado anaiota ile picha, nenda naye Bugando au hospitali ya wilaya aongee na mtu wa afya ya akili. Mtoto hapati nafuu kwa kuambiwa asahau.

Mwangaluka mayu. Nauza magazeti hapa Igoma. Gazeti moja pendwa liliandika pesa za kukarabati choo cha soko zimeliwa. Mheshimiwa mmoja akaja kibandani akaniambia, "Toa huo udaku wako hapo." Nikautoa. Nilifanya sawa?
*Muuzaji, Igoma*

Mwangaluka mwanangu. Sikulaumu, kibanda ndicho kinacholisha watoto wako. Ila gazeti lirudishe, kama nakala bado unazo.

Hapo ndipo tusi hili linapogeuka hatari. Gazeti likiandika mchumba wa msanii kamwacha, mheshimiwa analisoma kwa raha zake. Likiandika choo cha soko, ghafla linakuwa udaku. Isome habari yenyewe. Je, imetaja kiasi cha pesa? Imetaja mwaka wa bajeti, jina la mkandarasi? Imemnukuu ofisa wa halmashauri, au kusema aliulizwa akakataa kujibu? Kama yamo, habari ile ni habari, hata kama ukurasa wa pili kuna hadithi ya jini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huwasilishwa bungeni kila Aprili na kuwekwa wazi kwa umma, na halmashauri zimo. Mtoto yeyote mwenye simu janja anaweza kukutafutia kama choo chenu kimetajwa.

Mheshimiwa akirudi, mpe gazeti mkononi, mwombe akuoneshe aya ipi ni ya uongo, aisome kwa sauti wateja wakiwepo. Akiitaja, mwambie aandike kwa mhariri, ana haki hiyo sawa na yule dada wa Kirumba hapo juu. Akitishia kibanda chako, andika tarehe, saa, maneno aliyosema na majina ya wawili waliosikia. Kisha nitumie nakala ya gazeti lenyewe nami niisome habari ya choo mwanzo hadi mwisho. Nikiikuta haina ushahidi, nitaliandika hilo hapahapa toleo lijalo, na nikiikuta nao, pia nitaandika.